Jina la Ikaruga

"Lile pale juu," Chizuru alisema akinyoosha kidole. "Ndilo jina letu la ukoo. Ikaruga."

Tatsuro aliinua macho. Nguzo ya jumba la makumbusho ya maandishi, mtaani Gion, Kyoto, ilikuwa imejaa kanji, herufi za Kijapani, kuanzia chini hadi ghorofa ya juu.

"Sioni kitu. Zimebanana kama dagaa."

"Tangu baba afariki, nimebaki nalo peke yangu. Nikiolewa kwa jina lako, limekwisha."

"Chizuru, ni jina tu."

"Kama ni jina tu, lichukue wewe."

Sheria ya Japani haina mjadala: wanandoa wawe na jina moja la ukoo, la mume au la mke.

"Mimi ningekubali hata leo," Tatsuro alisema. "Ila mama. Miaka miwili namwomba, hataki kusikia."

Akaenda msalani, simu akaiacha kwenye benchi. Ikaita. Kiooni palisomeka: Mama. Chizuru hakuwahi kuzungumza naye. Hata hivyo akapokea.

"Samahani mama, ni Chizuru. Nakusihi, mruhusu Tatsuro achukue jina letu."

"Mwanangu, nani kakukatalia? Nina watoto wa kiume watatu, jina letu lina wabebaji. Tatsuro aliniambia wewe ndiye hutaki ndoa."

Tatsuro alirudi, akaiona simu sikioni mwa Chizuru. Uso ukamshuka.

"Ofisini watanicheka," alinong'ona. "Watasema Tatsuro kaolewa."

"Miaka miwili namchukia mama wa watu bure."

"Nipe muda, Chizuru."

"Unayeona haya kuitwa kwa jina langu, utanionea haya na mimi."

Akamrudishia simu, akatoka. Alitembea polepole hadi kituo cha basi, maana bado alimpenda. Tatsuro hakumfuata.

Nyumbani alivua viatu mlangoni, akasema, "Nimerudi," kama ilivyo desturi yao. Hakuna aliyemwitikia. Akakaa palepale sakafuni na koti lake. Simu ikaita, namba ngeni.

"Chizuru? Mama yake Tatsuro hapa. Namba nimemlazimisha anipe. Umekula?"

Machozi aliyoyazuia tangu Gion yakamtoka.

"Bado, mama."

"Injika wali. Nakuja, na huyo simleti."