Ukuta Mbichi Chini ya Ofisi

Mjomba wangu ni fundi mwashi, na kwa mdomo peke yake angeshajenga mji. Msinicheke, na mimi nimeurithi mdomo huo. Siku hiyo alishuka kazini akipiga mluzi. Chini ya ofisi za serikali kulikuwa na handaki kuukuu la mabomba na nyaya. Jipya lilishachimbwa pembeni. Yeye kazi yake ilikuwa kuliziba la zamani.

Taabu ilikuwa simenti. Jioni anaifungia humo, ufunguo anao yeye tu. Asubuhi mifuko imepungua.

"Fundi," msimamizi akamwuliza mbele ya watu, "nyumba yako imefika kwenye linta, juu ya madirisha?"

Vibarua wakaangua kicheko.

"Bosi, mimi mpangaji. Hata banda la kuku sina!"

"Basi leo nionyeshe simenti ilipo. La sivyo utawaonyesha polisi."

Mjomba akawakagua vibarua kwa jicho la pembeni, viatu hadi kucha. Nani kati yao? Ndipo akaona vumbi la kijivu sakafuni. Halikuelekea mlangoni. Lilielekea ndani.

Akalifuata na tochi. Akapita taa ya mwisho. Mbele, njia ikaisha. Palisimama ukuta, umepigwa plasta safi.

Yeye hakuujenga.

Akaugusa. Mbichi. Una joto, kama shavu la mgonjwa wa homa. Kiganja kikazama. Akavuta. Haukuachia. Upande wa pili mwiko ukakwaruza. Kwaru. Kwaru. Ukanyamaza.

"Nani?" akanong'ona.

"Fundi," ikajibu sauti.

Ilikuwa sauti yake.

Alichomokaje, hajui mpaka leo. Alirudi na msimamizi na taa kubwa. Ukuta ulikuwa mkavu, mgumu kama jiwe.

"Kumbe umejenga bila kuagizwa," msimamizi akasema. Akarudi nyuma hatua moja. "Haya. Simenti imeonekana. Tutoke."

Kwa hiyo mjomba hakulala rumande. Kesho yake akafika getini, akaweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa.

"Simenti imekula vidole, mzee," mlinzi akamtania.

Mjomba akakunjua kiganja. Laini, hadi ncha za vidole. Hakina hata mstari mmoja.

Mlinzi alikuwa ameinamia kioo cha mashine. Hakucheka tena.

"Fundi," akasema polepole, "hapa inaonyesha uliingia alfajiri. Na bado hujatoka."