Lori Yenye Jina la Nabalayo

Kila asubuhi Nabalayo aliwasha jiko, akapika chai, kisha akamvisha mdogo wake Khisa sweta, maana baridi ya Kiamunyi mwezi wa saba haina mchezo. Awali waliondoka pamoja, yeye akienda darasa la saba na Khisa akienda nasari. Siku hizi Khisa alibaki mlangoni. Nasari hailipiwi na serikali, na mama yao, aliyefulia watu nguo, hakuweza kuilipia peke yake.

"Mimi nitarudi shule lini?" Khisa aliuliza.

"Waulize wale wa kortini," mama akajibu kutoka ndani. "Wanafikiri mtoto anakula hewa."

Baba yao, Dalmas, alikuwa amehamia Mau Narok kwenye biashara ya viazi. Mama alimshtaki ili atunze watoto wake. Korti ya watoto ikaamua awe anatoa pesa kidogo tu, za kununua unga na kuishia hapo, kwa sababu ripoti ya ofisa wa watoto ilisema Dalmas ni mpakiaji wa magunia kwenye lori la mtu mwingine.

Mama alimlaumu hakimu, akamlaumu ofisa, akailaumu serikali nzima. Kila alipoanza, Nabalayo aliacha chai yake na kutoka nje. Maneno yale ya ripoti yalikuwa yake.

Siku moja kabla ya ofisa kuja, baba alimngoja Nabalayo nje ya shule akiwa na viatu vipya vya kumpa. "Ukiulizwa, sema lori si langu," alimwambia. "Wakijua, wataliuza kwa mnada. Sasa nitakuja kukuona na nini?" Ofisa naye alipofika alimwuliza Nabalayo swali moja, akaandika, akafunga faili lake, akaenda zake. Kufika Mau Narok ajionee mwenyewe, hakufika. Wenye ofisi ndivyo walivyo, wanapenda kazi ya kukaa.

Zilipobaki siku nne za kukata rufaa, mama alikwenda na Nabalayo mjini kwa Mzee Karanja, ambaye aliwachapia watu barua kwa taipureta kando ya barabara, karibu na korti.

"Karibu, mathe. Nani amekukosea, chifu au hakimu?"

"Hakimu, mzee."

"Sawa. Chifu tulimaliza naye jana. Haya, hakimu alikosea wapi?"

"Andika alikula hongo."

Vidole vya mzee vikasimama. "Ulimwona akila?"

"Nani asiyejua?"

"Kwa hivyo nimwandikie jaji 'nani asiyejua'? Mathe, hawa wakubwa mimi siwapendi, lakini ukimwita hakimu mla hongo bila ushahidi, rufaa itatupwa na wewe utashtakiwa."

"Andika tu. Nimechoka."

Mzee akatikisa kichwa, akaanza kugonga herufi. Nabalayo alitazama jina la mama yake likitokea kwenye karatasi, kisha neno hongo likifuata.

"Mama, si hakimu," alisema. "Ni mimi. Lori ni la baba. Ameandika jina langu juu ya kioo cha mbele, na nimelipanda. Nilimwambia ofisa si lake."

Mama alitazama viatu vya binti yake. Hakuinua mkono.

"Ulikuwa unaogopa baba yako asije tena?"

"Ndiyo, Mama."

"Kuogopa hivyo si kosa. Lakini aliyelipa ni Khisa. Amekaa mlangoni mwezi mzima, na wewe ulikuwa unamwona."

Nabalayo aliona afadhali angechapwa. Mzee Karanja alichomoa karatasi ile, akaikunjakunja, akaingiza nyingine. "Sasa tuna rufaa," alisema. "Sema polepole, msichana. Usiongeze, usipunguze."

Mwezi wa kumi jaji aliagiza kesi isikilizwe upya na ripoti nyingine iandikwe. Safari hii ofisa mwingine alifika Mau Narok, akalikuta lori. Dalmas hakubisha. Aliamriwa kutoa pesa za kutosha chakula, nguo na nasari ya Khisa, na lori lake halikuuzwa. Siku hiyo alipita ukumbini pa korti bila kumsalimia binti yake. Nabalayo aliinamisha kichwa.

Walipokwenda kumshukuru Mzee Karanja, aliona huzuni usoni mwa Nabalayo.

"Baba yako atakuja akipoa. Hasira ni yake, wewe usiibebe," alimwambia. "Nimewalaumu wenye vyeo miaka thelathini, na sijamaliza. Lakini hakimu haoni kitu ambacho mtu wa nyumbani amekificha. Mpe ukweli wote kwanza, hata kama unakuuma. Akikosea baada ya hapo, njoo hapa tumlaumu pamoja."