Siku ya Kuzima Simu

Mtaani walimwita Kiroboto kwa sababu binti huyo hakujua kutulia. Hata akila, mguu mmoja ulikuwa mlangoni. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alifuta kofia ngumu ya mama yake na kumsaidia kufunga sanduku la mizigo nyuma ya pikipiki. Mama Kiroboto alipeleka vifurushi majumbani kwa watu: dawa, viatu, chakula cha mchana. Kazi zote zilimjia kwa simu, na simu hiyohiyo ndiyo iliyompa nyota, alama za kupima kazi yake. Ukiwa na nyota nyingi, unaitwa sana. Ukipumzika, zinapungua.

Jumamosi moja mama aliizima simu, akaiweka kabatini.

"Leo hatubebi kitu," alisema akivaa viatu. "Mwenzetu amevunjika mguu akiwa kazini, na kampuni inasema haimjui. Eti sisi si wafanyakazi wao, ni washirika! Malipo nayo yanashuka kila kukicha, na ukiuliza unajibiwa na mashine. Tumekubaliana sote katika chama chetu cha waendeshaji, simu zizimwe mpaka watuite tuzungumze."

"Na nyota zako, mama?"

"Nyota ziko mbinguni. Baki na nyumba. Mchana uniletee maji nje ya ofisi yao."

Kiroboto alibaki, lakini moyo haukubaki. Alifagia chumba, akafagia tena. Alikwenda dirishani, akarudi kabatini. Alikumbuka mama alipougua homa, nyota zikaporomoka, na hata alipopona simu ilikaa kimya mezani huku akiikodolea macho. Mwishowe aliichukua, akaiwasha.

"Sitapokea kazi yoyote," alijiambia. "Itakaa wazi tu, nyota zisipungue."

Akaitia mfukoni, akabeba chupa ya maji na kutoka mbio.

Nje ya ofisi, waendeshaji walikuwa wakihangaika juani kama kuku anayetaka kutaga. Msimamizi wa kampuni ndiyo kwanza alikuwa ametoka, kishikwambi mkononi.

"Mnaungua jua bure," alisema. "Huyu mama mliyemchagua awasemee, simu yake iko hewani. Anasubiri kazi! Tazameni wenyewe."

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Kiroboto.

"Si kweli! Simu yangu nimeizima, iko nyumbani."

"Kumbe umetuchezea?" kijana mmoja alifoka, akaanza kuiendea pikipiki yake. Wengine wakamfuata.

Papo hapo simu ikalia mfukoni mwa Kiroboto. Ulikuwa mlio wa kazi mpya, na hakuna aliyekuwa pale asiyeujua.

Miguu ilimtuma akimbie. Kisha akamwona mama yake ameinamisha uso, akajipenyeza hadi katikati ya watu.

"Ni mimi," alisema. "Mama hajui kitu. Niliiwasha mimi. Niliogopa nyota zake zitaisha."

Mwendeshaji mkongwe kuliko wote, aliyeitwa Mzee Breki kwa jinsi alivyokwenda polepole, alimsogelea.

"Umepokea kazi yoyote, mjukuu wangu?"

"Hapana, babu."

"Basi izime hapahapa, sote tukiona."

Kiroboto akaizima. Mzee Breki akawageukia wenzake. "Nani hapa hakutamani kuwasha yake leo? Mimi nilitamani mpaka nikampa mke wangu aikalie!"

Kicheko kikapasuka. Waliokwishapanda pikipiki wakashuka mmoja mmoja. Mama Kiroboto hakucheka. Alikunywa maji, akamshika mwanawe mkono, na hakumwachia.

Alasiri wenye maduka walianza kufika ofisini wakigomba, vifurushi vimerundikana madukani mwao. Msimamizi akatoka tena, safari hii kwa upole, akaomba wawakilishi waingie. Mama Kiroboto na Mzee Breki wakaingia pamoja na katibu wa chama chao. Kiroboto alizunguka ukuta wa ofisi mpaka visigino vikamuuma.

Walitoka na makubaliano. Kampuni ingelipia matibabu ya mwenzao. Anayeugua au kuumia hatapunguziwa nyota, na malipo hayatashushwa tena bila kuzungumza na chama. Kuhusu yale yaliyokwishashushwa, wangekutana tena wiki iliyofuata.

Nyumbani, Kiroboto aliuliza, "Mama, umenikasirikia?"

"Nilikasirika sana," mama alijibu, akamketisha karibu naye. "Najua ulitaka kunisaidia. Lakini nikidai haki peke yangu, kesho nafasi yangu anapewa mwingine. Tukidai wote, tunaitwa ndani na kupewa viti. Tunashikana kwa sababu tunaaminiana, na wewe nusura ukate kamba hiyo. Ila ulisema kweli mbele ya watu wazima wenye hasira. Ungenyamaza, wangerudi kazini wote, na mwenzetu angeuguza mguu wake peke yake. Siku nyingine ukiogopa, niambie tuogope pamoja. Jambo la watu wengi usiliamue kimyakimya, hata kama unampenda mama yako."