Sanduku Lenye Alama ya Au

Alhamisi, saa kumi alasiri.

Hared alichora ramani ya boma la Garissa kwa kidole, juu ya vumbi la chumba cha ngozi nyuma ya duka la Jawahir. Chumba kilinuka chumvi na mbuzi.

"Hapa ni stoo ya mzungu mpima mawe. Kesho dubas wake wawili, wale askari wa vilemba vyekundu, wanakwenda kuswali Ijumaa. Tunapanda ukuta wa nyuma, sanduku moja, tunashuka. Ngamia atatungoja kwenye miiba, chini ya ukuta."

"Mle mna masanduku arobaini," akasema Alio. "Tutalijuaje?"

Hared akamwelekezea kidevu Keinan. Huyu alikuwa amemwoshea mpima mawe chupa miaka minne, kisha akafukuzwa kama mbwa. Ni yeye tu aliyejua herufi zilizopakwa rangi kwenye masanduku: Cu shaba, Fe chuma, Au dhahabu. Mtu wa mzaha, hata mahali pale. Akaokota mkaa, akaandika ukutani: Al, I, O.

"Alumini, sufuria ya Mhindi. Ayodini, dawa ya kidonda. Oksijeni, hewa. Ndiye wewe, Alio! Na mkeo? Ni, hiyo nikeli. Mo, madini fulani, jina lake linavunja meno. Nimo huyo, mzima!"

Alio akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zigome. Ngamia wake kumi na wawili walikuwa mifupa kando ya njia ya Wajir. Baba yake Nimo alikuwa amesema neno moja: mahari haijakamilika, mwezi ukiandama bila ngamia, binti anarudi kwao. Zilibaki siku tisa. Alio alimpenda mke wake mpaka akaona haya, lakini mapenzi hayakamuliwi maziwa.

"Na mimi?" akauliza Hared.

Keinan akajaribu, akakwama. "H ipo. Re ipo. D hakuna, walaal, ndugu yangu. Wewe huandikiki."

Hared hakucheka. Akafuta maandishi kwa kiganja, akataka kiapo.

Kwa watu wale, kiapo hicho si cha mchezo. Kila mmoja aliapa: nikimwacha mwenzangu nyuma, mke wangu ameachika, talaka tatu. Ukikivunja, unarudi nyumbani kukuta mwanamke wa watu.

Ijumaa, saa saba kasoro robo mchana.

Boma kimya. Jua kali. Sauti ya khatibu ilikuja na upepo kutoka msikitini.

Wakaruka ukuta. Hared akavunja kufuli kwa nondo. Ndani, Keinan alipita safu baada ya safu akinong'ona herufi, kisha akapotea nyuma ya rundo. Aliporudi alikuwa akiburuta sanduku, tayari amelivisha gunia.

"Hili. Haraka."

Lilikuwa zito ajabu. Alio akaona ngamia kumi na wawili ndani yake, akalibeba kwa furaha ya kichaa.

Saa saba kasoro dakika tano.

Keinan alitangulia kushuka nje ya ukuta kulipokea. Hared na Alio, juu, wakaliteremsha kwa kamba. Kamba ikamchoma Hared viganja. Akaiachia.

Sanduku likamwangukia Keinan mguuni, mfupa ukalia kama kuni kavu. Keinan akapiga ukelele uliofika msikitini, na khatibu akanyamaza.

Wakashuka. Wakalipakia sanduku juu ya ngamia. Firimbi ikalia upande wa boma.

"Twende," akasema Hared.

"Na Keinan?"

"Mwache."

"Tumeapa, Hared! Saado, mkeo—"

"Saado nilimpa talaka tatu Jumatatu." Hared akavuta kamba ya ngamia. "Kiapo changu hakina mke ndani. Wewe shauri yako."

Alio akalitazama sanduku likiondoka. Akilifuata, ana ngamia na hana mke. Akibaki, ana mke na hana ngamia. Akarudi, akakaa chini, akakipakata kichwa cha Keinan.

Keinan akamshika nguo. "Alio, nisamehe. Lile ni Pb. Ni madini ya risasi tu. Ile Au, dhahabu, nimeificha mle mle stoo, chini ya magunia."

"Kwa nini?"

"Nilijua Hared atatugeuka. Ningerudi kuichukua."

"Ungerudi na mimi?"

Keinan akafumba macho. "Peke yangu. Tuliapa tusiachane, walaal. Hatukuapa tusidanganyane."

Hasira ikampanda Alio mpaka vidole vikamgusa mwenzake kooni. Vilemba vyekundu vya dubas vilikuwa vimetokeza pembeni mwa ukuta, hatua hamsini. Angeweza bado kukimbia. Alijua kila kichaka cha huko. Akaondoa vidole, akavua shuka lake, akaufunga mguu uliovunjika. Alimchukia, na hakuondoka.

Saa kumi jioni.

Sajini wa polisi, mtu wa bara asiyejua Kisomali, alifungua daftari, akauliza kwa Kiswahili.

"Una mke?"

"Iko, afande. Mke yangu. Jina yake Nimo."

"Atakungoja? Hii ni miaka saba, bwana. Labda zaidi."

Alio akalia, waziwazi, mbele ya dubas waliokuwa wakimjua tangu utoto.

"Mimi hajui, afande," akasema. "Baba yake nachukua yeye, labda. Lakini mimi hapana acha yeye. Andika hiyo."

Sajini akaandika.