Kikohozi cha Fundi wa Sare Nyeupe

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa kiwanda kizima. Fundi alikata na kushona, mkewe akatia vifungo na kupiga pasi, ndiyo maana watu walimwita Mama Vifungo. Kazi yao kubwa ilikuwa sare nyeupe. Vumbi la barabarani ni adui wa kitambaa cheupe, kwa hiyo madirisha yalifungwa tangu asubuhi mpaka jioni. Binti yao wa miaka mitatu alicheza humo humo, chini ya meza ya kukatia.

Fundi alikuwa anakohoa. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili.

"Nenda kapimwe, mume wangu," alisema Mama Vifungo.

"Ni nyuzi za vitambaa tu. Umeshaona fundi gani asiyekohoa?"

Moyo wa Mama Vifungo haukutulia. Kila asubuhi shuka la mumewe lilikuwa limelowa jasho. Chakula alikigusagusa tu. Na suruali yake mwenyewe alikuwa ameipunguza kiunoni mara mbili mwezi ule.

Siku moja jirani yao, muuguzi, alikuja kujaribu sare yake. Mama Vifungo akaona nafasi ndiyo hii, akamweleza yote.

"Anakohoa tangu lini?" aliuliza muuguzi.

"Hii wiki ya tatu."

"Shemeji, kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime. Tena wewe unatoka jasho na unakonda. Huenda ni kifua kikuu. Wakipima makohozi tutajua."

Fundi alicheka kidogo. "Nimekitoa wapi? Sili sahani moja na mtu, sivai nguo ya mtu."

"Hakipiti kwenye sahani wala kwenye nguo. Kinapita hewani. Mgonjwa akikohoa, vijidudu vinatoka na kuelea. Chumba kikifungwa hivi, havina pa kwenda. Kila aliyemo anavivuta."

Muuguzi alitazama chini ya meza. Mama Vifungo alitazama huko pia, akamwona binti yake. Siku zote hizo alilinda kitambaa, akamsahau mtoto.

Alifungua dirisha la kwanza, akafungua la pili. Upepo ukaingia na vumbi lake. Fundi alifungua mdomo atete, akaona uso wa mkewe, akazikusanya sare mezani.

Kesho yake alipimwa. Kilikuwa kifua kikuu kweli. Alipewa dawa za kumeza kila siku kwa miezi sita. Mkewe na mtoto walipimwa pia. Hawakuwa wagonjwa, lakini mtoto alipewa dawa ya kumkinga. Wiki za mwanzo fundi alivaa barakoa na kulala chumba cha peke yake. Binti yake akimkimbilia, alimpungia mkono kwa mbali. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Sare nyeupe sasa zilifunikwa kwa nailoni, na madirisha yakabaki wazi.

Mwezi wa pili kikohozi kilikoma na mashavu yakajaa.

"Nimepona," alisema fundi. "Dawa za nini tena?"

"Ukishona shati likawa na mkono mmoja, unampa mteja?" aliuliza Mama Vifungo. "Muuguzi kasema ukiacha njiani, vijidudu vilivyobaki vinakuwa sugu. Dawa hizi hazitavimaliza tena. Meza."

Fundi akameza. Mkewe alisimama pale pale mpaka maji yalipoisha kwenye glasi, na kesho yake akasimama tena.

Miezi sita ilipotimia, muuguzi aliwasomea majibu ya mwisho kule zahanati.

"Hakuna vijidudu. Umepona, shemeji."

"Hebu rudia, mke wangu asikie vizuri."

"Umepona."

Mama Vifungo alilia mbele za watu bila haya, huku akicheka. Fundi alimnyanyua binti yake, akamweka mabegani, akapanda naye kilima chote cha kutoka zahanati mpaka nyumbani bila kupumzika. Aliyefika akihema alikuwa Mama Vifungo.