Kikaango cha Fundi Betri

Nje bado giza, kifuniko cha birika kilitetemeka jikoni. Mkaza mwana alipunguza moto, akasikiliza. Kila siku saa hiyo baba mkwe wake hugonga kopo la ugoro kwa kidole, ko, ko, kabla ya kuvuta. Leo kimya. Alipompelekea maji ya kunawa alimkuta amejikunja, mikono tumboni, mwili umeshapoa.

Inspekta alipofika alimkuta mkaza mwana amesimama kando ya ukuta, mtoto mchanga mgongoni. Wifi yake alikuwa akimwambia kila anayeingia kwamba mzee ameugua tumbo miezi mingi, na uji wake hupikwa na mtu mmoja tu.

"Ulimtilia nini kwenye uji?"

"Maziwa, afande. Meno yalishamtoka, namlainishia."

Akapelekwa mahabusu pamoja na mwanawe. Inspekta hakutulia. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Kilio cha yule mtoto kilipenya ukuta.

Majibu ya maabara yalipotoka, daktari aliyechunguza maiti alimpigia simu. Uji ulikuwa safi. Lakini damu ya marehemu ilijaa madini ya risasi, sumu iliyojikusanya polepole, na chembe za ugoro mfukoni mwake zilikuwa nayo tele. Tumbaku yenyewe hunyonya metali nzito udongoni, daktari alieleza, ila si kwa kiasi hicho.

"Kopo lake liko wapi?" daktari aliuliza.

Inspekta hakuliona chumbani. Na mvuta ugoro hulala na kopo lake. Aliyelichukua huenda alikuwa akivuta sumu ileile wakati huo.

Alirudi mbio kwa yule wifi. Kabla ya polisi kufika, wifi alisema, aliingia Fundi Betri peke yake, rafiki wa marehemu, kumfumba macho.

Kibandani mwa fundi mlikuwa na vigoda viwili, kimoja kimeng'aa kwa kukaliwa. Fundi aliokota nati, ikamponyoka. Kiganja chake kilining'inia kama jani lililonyauka. Juu ya jiko kulikuwa na kikaango chenye matone ya kijivu, na ukingoni vumbi la kahawia.

"Unayeyushia nini humu?"

"Risasi za betri."

"Na tumbaku ya ugoro wenu unakaangia wapi?"

Fundi akatoa kopo la marehemu kotini, akaliweka mezani taratibu.

"Zahanati waliniambia mwaka jana," alisema. "Damu yangu imeharibika, nitupe kikaango, niache ugoro."

"Ukamficha mwenzako?"

"Nilinunua kikaango kipya. Akanitania kwamba mkono wangu umechacha, ugoro hauna utamu wa zamani. Siku mbili hakuja. Afande, mke wangu alishafariki, watoto wako mbali. Nani mwingine angekaa kigoda kile? Nikarudia cha zamani. Nilidhani kidogo kidogo hakiui."

"Na yule mama uliyemwacha afungwe?"

Fundi alifunika uso kwa kiganja kile kisichomtii. "Niliogopa."

Jioni ile mkaza mwana aliachiwa, fundi akaingia mahali pake. Asubuhi askari wa zamu alishangaa kumwona mama yule amerudi, mtoto mgongoni, chupa ya uji mkononi. Alikisogeza kikombe mdomoni mwa mzee fundi, maana mkono haukuweza kukishika.

"Wewe wa kunilisha mimi?"

"Kunywa, baba. Marehemu asingependa ulale njaa."

Mzee alikunywa mpaka kikaisha. Alipomwona anafunga chupa, aliegemea nondo za mlango.

"Na kesho, mwanangu, utakuja tena?"