Vigingi vya Bwejuu

Garimoshi la Bububu lilijulikana kwa mambo mawili: lilifika, na liliunguza. Cheche za bomba lake hazikubagua abiria, na mtu mwenye akili zake hakupanda na mwavuli mpya. Thuwaini bin Salem alilijua hilo. Asubuhi ile ya mwaka 1916 alipopanda karibu na Ngome Kongwe, katikati ya makapu ya samaki na wauza njugu, alikwenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Alivaa kanzu iliyonyooshwa vizuri kwa pasi ya makaa, kofia ya viua na koti jeusi la marehemu baba yake. Mkononi alishika chupa ya sharubati ya ukwaju aliyomnunulia mama yake, na begani alining'iniza kamba ndefu yenye bonge la risasi nchani. Hiyo ni bildi, ambayo mabaharia hupimia kina cha maji.

Mbele yake alikaa msichana aliyejitanda kanga za kisutu, kipini kidogo puani, hina mbichi vidoleni. Mapajani alipakata mizingo ya kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, alizotoka kuzinadi Darajani, na zilizobaki alizishika kama mtu anayejua kazi iliyomo ndani yake. Garimoshi lilipopinda kuingia Malindi, cheche moja ikatua juu ya mzingo wa juu. Usumba mkavu haungoji. Moshi ulipanda, watu wakaanza kusukumana.

Thuwaini alizibua chupa akamwaga sharubati yote.

"Ahsante, bwana," alisema msichana akizikung'uta. "Zilikuwa ziungue. Sasa zitaliwa na sisimizi."

"Sisimizi hawali kamba, bibi. Watalamba sukari, kisha wataondoka."

"Umeona au umesikia?"

"Nimeona."

Msichana alicheka, akaitazama ile risasi. "Na hiyo unavulia papa?"

"Nnapimia maji."

"Ya nini?"

"Ya ndege."

"Ndege wa kwenu wanaoga?"

Mama mmoja mwenye kuku wawili aligeuka kusikiliza, maana garimoshi lile halikuwa na mazungumzo ya siri. Ikambidi Thuwaini aeleze. Vita vilikuwa vimeleta Chukwani ndege za majini, vyombo vya mbao na turubai vyenye viatu viwili kama mitumbwi mahali pa magurudumu. Ndege hizo zikipata hitilafu angani hazikutafuta uwanja. Zilitafuta maji yaliyotulia. Yeye alikuwa mkalimani aliyesoma hesabu na Kiingereza, akapewa kazi ya kuzunguka kisiwa na kutunga mwongozo wa marubani: wapi pa kushuka, kina cha maji yakijaa na yakitoka, kisima cha maji matamu kiko wapi, na nani aitwe.

"Na umeshapata wapi?" aliuliza msichana.

"Fumba pametulia, lakini Ijumaa mchana rubani asitarajie mtu ufukweni mpaka watoke msikitini. Kizimkazi pazuri, ila asubuhi pomboo hucheza mlangoni na hawapishi chombo. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, akiona moshi asiufuate akidhani anaonyeshwa upepo. Wanachoma kibanda chao."

"Na Chwaka?"

"Maji yakitoka hutoka mpaka mbali. Atakayekwama itambidi ayapende matope."

"Bwejuu hukufika."

"Bado."

"Basi maji hujayaona." Alisimama, kwani walikuwa wamefika Bububu, na shangazi yake, Bi Mwanakheri, alikuwa akimpungia mkono. "Ukija uliza Mashavu binti Silima. Njoo na sharubati, kamba zangu zimeipenda."

*

Thuwaini alifika Bwejuu juu ya punda wa kukodi, maji yakiwa yamejaa. Alisimama pale mchanga unapoanza, kwa muda akasahau kushuka. Mawimbi ya bahari kuu yalikuwa yakipasuka mbali kule, juu ya mwamba, kama mstari wa chaki. Ndani ya mwamba hapakuwa na wimbi. Maji yalilala rangi ya kijani kibichi, mapana, yakaenda kaskazini na kusini mpaka macho yakachoka. Alikuwa ameona pwani nyingi mwaka ule, na hii ilizishinda zote.

"Bwana Bildi," sauti iliita chini ya minazi. "Umefunga mdomo au umeusahau Bububu?"

Mashavu alikuwa amekaa na mama yake, Bi Kazija, mjane mwenye mikono ya kazi, wakiponda makumbi yaliyooza juu ya jiwe.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeziosha kamba zetu kwa ukwaju?"

"Mimi, bibi. Nimekuja na chupa nyingine."

"Hii ya kamba au ya mwenye kamba?" aliuliza Bi Kazija bila kuinua macho, na Mashavu akaangusha rungu la kupondea.

Jioni maji yalipotoka, Thuwaini aliona kitu ambacho bildi isingemwonyesha. Eneo kubwa la mchanga lilikuwa limechomekwa vigingi vya mikoko, kila kimoja kando ya rundo la mawe. Chini ya mawe palikuwa na shimo, na ndani ya shimo makumbi ya nazi, yakiozeshwa kwa maji ya chumvi kwa miezi mingi mpaka nyuzi ziachane. Kila shimo lilikuwa na mwanamke wake na kila kigingi kilijulikana na mwenyewe. Alitembea baina yake kwa heshima. Kiwanda kizima kilifunikwa na bahari mara mbili kwa siku, na hakuna aliyekilinda.

"Hiki changu," alisema Mashavu, akigusa kigingi chenye jicho la mti lililopinda. "Makumbi yake nnayafukua mwezi ujao."

"Ya kamba za kuuza?"

"Haya si ya kuuza. Ya kuwambia kitanda."

"Kitanda cha nani?"

Mashavu alitazama chini, akavuta kanga usoni. "Cha harusi," alisema, akaondoka haraka kuwahi kuni.

Asubuhi Thuwaini alipita kwa Usi, seremala wa kijiji. Kitanda kipya kilisimama uani, miguu yake imechongwa kwa mapambo, bado hakijawambwa. Usi alikuwa akikipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa laini, polepole, akiimba.

"Kizuri," alisema Thuwaini. "Cha nyumba gani?"

"Nyumba ya Bi Kazija," alisema Usi, akatabasamu, akaacha kuimba.

Thuwaini hakuhitaji ushahidi zaidi. Kitanda kipo, kamba zinaandaliwa, nyumba ina msichana mmoja. Alimuaga Bi Kazija kwa adabu, hakumuaga Mashavu, akampanda punda wake.

*

Ukurasa wa Bwejuu alikuwa ameuandika usiku wa kwanza, moyo ukiwa mwepesi. Ulisema maji ni bora kuliko yote ya mashariki. Kwamba rubani ashuke kaskazini ya vigingi, kwenye mlango wa mwamba ambao haukauki, asishuke juu ya vigingi. Na ulimalizika hivi: *Vigingi viachwe kama vilivyo.* Aliporudi kwao Bububu aliusoma tena. Sentensi ya mwisho ilimchoma. Aliiandika kwa ajili ya nani? Mwongozo wa marubani si mahali pa mtu kufichia mapenzi yake. Aliifuta, akapeleka kazi Chukwani, akajihesabu kuwa mtu mwadilifu.

Wiki chache baadaye alikuwa barazani kwa mama yake, Bi Jokha, akichambua karafuu, Bi Mwanakheri alipopiga hodi. Nyuma yake alisimama Mashavu, kanga zake zimelowa jasho la safari. Hakuamkia. Alikiweka kigingi cha mkoko juu ya jamvi, mbele ya magoti ya Thuwaini. Kilikuwa na jicho la mti lililopinda.

"Chako," alisema. "Askari wameving'oa vyote. Wamesema ndege ziko karibu kuja, vigingi vitazipasua, na karatasi ya Bwana Thuwaini inasema hapo ndipo."

"Sikuandika ving'olewe."

"Uliandika visiguswe?"

Thuwaini aliacha kuchambua karafuu.

"Mawe yote ya Bwejuu yanafanana," alisema Mashavu. "Yameota mwani, hayana jina. Wanawake wanafukua ovyo, huyu anamwita yule mwizi. Mama yangu ameitwa mwizi jana mbele ya watu, yeye ambaye kijiko cha jirani hakilali kwake."

"Pole."

"Sitaki pole. Nataka kujua nilikukosea nini. Ulikuja, ulicheka na sisi, ulikula kwetu. Kisha ukaondoka kama mtu aliyeona nyoka."

"Niliona kitanda," alisema Thuwaini. "Usi alikuwa akikipaka mafuta. Kukaa pale wakati wewe unaolewa sikukuona kuwa ni adabu."

"Mimi?"

Mashavu alifunika uso, na haikujulikana kama analia. Bi Mwanakheri ndiye aliyesema, kwa sababu kuna maneno ambayo mtoto hayatamki juu ya mzazi wake, na shangazi anaruhusiwa.

"Wewe kijana umesoma wapi? Kitanda ni cha Kazija. Kaka yangu amekufa miaka mingi, na Usi amemposa mjane wake, nasi tumeridhia. Mtoto ndiye anayesokota kamba, ni zawadi yake kwa mama yake. Ulitaka asimame pwani atangaze kuwa mama yake anaolewa?"

Bi Jokha aliweka ungo chini. "Mwanangu," alisema, "wewe hupima maji kila mahali mara mbili. Hili mbona umelipima mara moja?"

Thuwaini alikiokota kigingi. "Ungeniambia, Bi Mashavu."

"Ungeniuliza tena."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa kanirudishie vigingi vyetu," alisema Mashavu. "Mengine baadaye, kama yapo."

*

Ofisa wa Chukwani alikuwa kijana mwekundu aliyeungua pua kwa jua, na alikuwa na sifa moja ambayo Thuwaini aliiheshimu: alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake ndege ilikuwa imevutwa nchi kavu. Mabawa yake yalikuwa ya turubai iliyokazwa kama ngozi ya ngoma, na viatu vyake vya ubao mwembamba kiasi kwamba mtu angeweza kuvipasua kwa goti. Thuwaini alivitazama viatu hivyo, na hapo hoja yote ikamjia ikiwa imekamilika.

"Bwana, vigingi vimeng'olewa. Mawe je?"

"Mawe yapo chini."

"Yapo. Marundo mengi, magumu kuliko kiatu hiki. Maji yakijaa nusu hayaonekani. Mwanzo rubani alikuwa anajua wapi asishuke, kwa sababu vigingi vilichomoza. Sasa hajui yeye, wala hawajui wanawake waliofukia makumbi."

Ofisa alikwenda kwenye ndege, akagonga kiatu kwa kidole. Kililia kama debe tupu. Akarudi.

"Kwa nini hukuandika?"

"Niliandika, nikafuta."

"Kwa nini ukafuta?"

"Nilidhani ni mapenzi yangu. Kumbe ilikuwa habari."

Ofisa alimtazama, asielewe, au pengine akaelewa. Kisha akaandika amri: vigingi virudi, na kila kimoja kifungwe kitambaa cheupe ili kionekane kutoka juu.

*

Maji yalikuwa yametoka Thuwaini alipofika Bwejuu. Wanawake walikuwa wamesimama ufukweni kwenye lundo la vigingi, hawasemezani. Alisoma amri kwa sauti, akaweka chini jora la kitambaa cheupe cha bafta, akarudi nyuma. Hakumwelekeza mtu. Kila mwanamke aliinama akatoa kigingi chake, na huyu alipokosea mahali yule alimwambia, "Si hapo bibi wee, chako kilikuwa kushoto, karibu na changu." Kufika alasiri walikuwa wanachekana. Aliyemwita Bi Kazija mwizi alimletea maji ya kunywa kwa mikono miwili, naye akayanywa yote.

Mashavu alikuwa mbali kidogo, amepiga magoti kando ya shimo jipya. Thuwaini alimwendea, kanzu ameikunja mpaka magotini, kigingi chenye jicho lililopinda mkononi.

"Hiki nimekirudisha mwenyewe."

"Hicho, shimo lake limeshafukuliwa, tumelipata kwa bahati. Kamba za mama ziko tayari, harusi Alhamisi." Alipanga makumbi chini, mgongo juu, bila kumtazama. "Kijana wa Bububu, jua limekuunguza."

"Hili shimo la kitanda cha nani?"

"Leo umejua kuuliza."

"Mama yangu amesema atakuja na posa wiki ijayo. Nimemwambia angoje kwanza nikuulize wewe."

Mashavu aliendelea kupanga. "Wiki ijayo mama yangu ni bibi harusi. Hapokei wageni."

"Atangoja."

"Na makumbi haya hayaozi kwa siku mbili, Bwana Bildi. Huwezi kuyaharakisha kwa sharubati. Mpaka yafukuliwe, yapondwe, yasokotwe, Usi achonge kitanda kingine, utakuwa umekuja Bwejuu mara nyingi juu ya punda."

"Nitakuja."

"Na kitanda kitawambwa kwa kamba zangu, si za dukani."

"Za kwako."

Aliinua uso. Mchanga ulikuwa umemganda shavuni, na kipini cha puani kilishika jua. Thuwaini alikuwa mtu wa kuamini alichokiona, na alichokiona pale hakikuhitaji kupimwa mara ya pili; lakini alikuwa amejifunza.

"Ndiyo?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Mashavu. "Shika kigingi."

Alikishika wima. Mashavu alianza kuweka mawe, moja baada ya jingine. Kutoka kusini mlio ukaja, ukakua, ukawa ngurumo. Ufukwe mzima ukainua vichwa: ndege ilipita juu ya mwamba, nyeupe, chini kiasi cha kuonekana mtu ndani yake. Ilizunguka mara moja juu ya vitambaa vilivyokuwa vikipepea, kisha ikatelemka kaskazini kwenye maji ya mlango wa mwamba, laini kama yangeyange anayetua, pale pale mwongozo uliposema.

Wanawake walipiga vigelegele. Thuwaini alikuwa amezunguka kisiwa kizima kwa ajili ya dakika ile, na kichwa kikaanza kugeuka.

"Usitazame huko," alisema Mashavu, jiwe mkononi. "Kitapinda."

Hakutazama.